Waffle za Ndengu na Kopo la Mafuta

Siku ya kuniaga mliniletea keki iliyoungua chini, nikajua hapohapo kwamba nimefundisha vibaya. Hata hivyo niliila yote. Sasa hii ni wiki yangu ya tatu nyumbani, sina kitunguu cha kukata, na mikono inaniwasha. Kwa hiyo nimenunua daftari la kurasa tisini na sita, ninawaandikia nyinyi mlioachiwa jiko la hosteli, mjue kile chuma cheusi kinachoning'inia nyuma ya mlango kilitoka wapi, kinataka kushikwa vipi, na kwa nini nilikuwa mkali kama nyigu mtu akikisogelea na mafuta asiyojua yametoka wapi. Vyeo na mshahara nitaviruka. Vyeo nilipata viwili, na vyote vilikuwa na kazi ileile. Mshahara ulikuwa mfupi, hausimuliki.

Niliingia pale Noonkopir, mjini Kitengela, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mtu mzima mwenye mke na cheti cha kidato cha nne. Nilikuwa nimeomba kazi ya karani. Meneja alikuwa Bi. Naserian, mama wa Kimaasai kutoka Kajiado, mrefu, mwenye haraka ya kila kitu. Alikisoma cheti changu mbele, akakigeuza akasoma nyuma ambako hakukuwa na kitu, akasema, "Karani niko na wawili na wote wanalala. Jikoni hakuna mtu. Unaweza?" Nikasema naweza, nikidhani ni kazi ya mwezi mmoja. Nimetoka juzi.

Hosteli wakati huo ilikuwa vyumba vya mabati na ukumbi mmoja wenye mwangwi. Walilala wakulima waliokuja semina, wahubiri, na madereva ambao magari yao yalikuwa yamewakataa. Siku ya mnada walikuja wauzaji wa mifugo kunywa chai. Mpishi alikuwa Mama Mutheu wa Machakos, mwili mdogo, sauti kubwa. Siku ya kwanza alinipa sinia na gunia la ndengu, akasema neno moja: "Chambua." Nilichambua hadi mgongo ukanikunja. Nilipomwita, aliingiza mkono ndani ya ndengu safi, akakoroga kidogo, akatoa kijiwe.

"Hii umeiacha ilinde nini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mutinda, mgeni akivunja jino hapa, hatasema ni Mutinda. Hakujui. Atasema ni Mama Mutheu. Kila kitu kinatoka kwa huo mlango kinatoka na jina yangu juu yake. Chambua tena."

Nilichambua tena. Mnadhani huo ndio uliokuwa mwisho wa mawe yangu? Tulieni.

Sasa waffle. Bi. Naserian alikwenda semina mahali fulani penye zulia, akapewa waffle asubuhi, akarudi kama mtu aliyeokoka. Alituchorea kwenye mfuko wa unga: mkate wenye vijumba vijumba, siagi ikikaa ndani ya kila kijumba kama mpangaji. Alitaka wageni wetu wale hivyo. Mama Mutheu akauliza ni unga gani. Akajibiwa, mweupe. Mama Mutheu akasema mweupe ndio umemlaza Haji hospitali.

Huyo Haji Dakane ndiye mtu muhimu katika habari hii, kwa hiyo mkaribisheni vizuri. Alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi na kondoo. Jamaa zake walitoka kaskazini mashariki wakahamia Kitengela, naye alikuwa na ndevu nyekundu za hina na fimbo aliyoitumia kuonyesha kila kitu, hata chumvi. Kila siku ya mnada aliketi benchi la karibu na mlango wa jikoni, akanywa chai na mandazi sita. Kisha sukari ikampata, na daktari akamkataza unga mweupe.

"Mandazi hakuna. Chapati hakuna. Mkate hakuna," alituambia, fimbo ikipiga sakafu kwa kila kimoja. "Mimi nimekuwa nini, mama? Ngamia? Nikunywe maji niende?"

Haji hakula nyama kwetu, kwa kuwa hatukuwa na ya kuchinjwa kwa dini yake. Lakini chakula kisicho na nyama alikula, kwa sababu Mama Mutheu alikuwa amempa neno lake: masufuria ya Haji yametengwa, miiko yake imetengwa, na nguruwe hajawahi kuvuka kizingiti cha jiko lile. Hakuwahi kukagua. Neno la Mama Mutheu lilimtosha.

Basi ikaamuliwa: tutapika waffle, lakini za ndengu na nafaka isiyokobolewa, ili Haji apate kitu cha kutafuna na Bi. Naserian apate vijumba vyake. Kilichokosekana ni chuma cha kupikia. Nilitumwa Kiserian kwa Fundi Njoroge, mchomeaji wa milango na madirisha. Nilimwekea mfuko wa unga wenye mchoro mezani. Aliuangalia sana.

"Hii dirisha ni ya nyumba gani, ndogo hivi?"

"Si dirisha. Ni ya kupika mkate."

"Mkate utapita wapi?"

Nilimweleza. Alicheka hadi akavua miwani ya kuchomelea, akamwita jirani, nami nikaeleza tena. Kisha, kwa sababu fundi ni fundi, akaacha kucheka akaanza kupima. Alichukua vibamba viwili vya chuma, akavichomea vipande vya nondo mraba kwa mraba, akaviunganisha kwa bawaba ya lango na kuvipa mikono mirefu kama ya koleo. Kilikuwa kizito mno. Nilipokifikisha Noonkopir, bega langu moja lilikuwa limekuja chini ya lingine, na tangu siku hiyo hatukusema waffle tena. Tulisema madirisha.

Yaliyofuata niliyafurahia kuliko miaka yote ya kazi. Nilikuwa mtu wa makamo, lakini niliamka kila asubuhi nikiwa na haraka ya kufika jikoni kama mtoto anayejua kuna sherehe. Tulijaribu kila kitu kinachoota Ukambani na Umaasaini. Kunde zilitoa madirisha ya kijivu yaliyokaa kama sabuni. Mbaazi zilikuwa tamu lakini zilivunjika kwa kutazamwa tu. Mtama peke yake ulitoa kitu ambacho Bi. Naserian alikipiga mezani, meza ikalia, akasema tumpe fundi akajengee.

Kosa langu la kwanza liandikeni mahali. Nililoweka maharagwe mekundu, nikayasaga mabichi, nikapika madirisha mazuri ya rangi ya udongo wa Machakos. Nikala matatu peke yangu, kwa uroho, kabla ya kumwonyesha mtu. Bahati ya dunia nzima ni huo uroho wangu. Mchana huo niliijua njia ya chooni kwa hatua, na Mama Mutheu alisimama nje ya mlango wa choo akinifundisha: "Maharagwe mekundu inachemshwa kwa moto mkali hadi iive, ndio usage! Umesikia?" Nikajibu nimesikia. "Rudia!" Nikarudia, nikiwa ndani.

Ndengu ndizo zilizotukubali. Andikeni sasa, maana najua mnakisia. Vikombe viwili vya ndengu, loweka jioni. Asubuhi zisugue, umwage maji, usage mara mbili kwa ile mashine ya mkono ya karanga, si ile ya nyama. Mama Mutheu aliitenga kwa ajili ya Haji, na ibaki imetengwa. Tia kikombe cha unga wa wimbi, nusu ya mtama, nusu ya ngano isiyokobolewa, maziwa lala, yale yaliyoganda, ya kulegeza, na chumvi. Funika uache uchachuke hadi utoe macho ya mapovu. Ndipo utie mayai mawili, kitunguu, dania na bizari nyembamba. Uji uwe mzito kiasi kwamba mwiko ukisimama ndani unafikiria kabla ya kuanguka. Chuma kipate moto pande zote mbili. Nyunyiza tone la maji, likicheza, mimina. Funga, geuza. Mvuke utatoka kwa fujo. Usifungue. Mvuke ukipungua, bado usifungue. Ukikata kabisa, sasa fungua. Wapishi wengi huharibu kitu kizuri kwa kukichungulia.

Baba yake Bi. Naserian alikuja kumtembelea kutoka Kajiado wakati huo, mzee wa maziwa na nyama, aliyesema wazi kwamba maharagwe na jamaa zake wote ni chakula cha njiwa. Nilitaka kumpa madirisha kimyakimya, ale kwanza, tumcheke baadaye. Mama Mutheu alinishika mkono na sahani ikiwa hewani. Alikwenda yeye mwenyewe, akainama kumsalimu kwa Kimaasai. "Sopa, baba. Ndani ya hii kuna ndengu. Ukikataa, kuna maziwa." Aliniambia baadaye: "Mtu anaambiwa kabla ya mdomo. Baada ya mdomo hiyo si habari, ni kejeli." Mzee alilitazama dirisha muda mrefu, akachungulia ndani ya vijumba kama anayetafuta hizo ndengu zimejificha wapi, akala. Akala mengine matano. Akasema kwamba hao njiwa wamekuwa wakituficha mambo.

Haji naye! Siku ya kwanza alipoletewa madirisha moto, na bakuli la maziwa lala kando, alikula la kwanza, akavuta la pili. Alipomaliza la pili aliegemeza fimbo ukutani, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

"Mama Mutheu," alisema, "wallahi, daktari asijue. Atakataza."

Tulikuwa na tatizo moja tu: kunata. Kila dirisha la tatu liligawanyika, nusu juu, nusu chini, nami nikachokonoa vile vijumba kwa msumari huku wageni wakigonga vikombe. Nilipaka mafuta ya mgando, nikapaka ya maji, nikapaka siagi. Yaliungua au yalinywewa. Ndipo binti wa Mama Mutheu akajifungua Machakos, mama akaenda kumlea mzazi kwa majuma mawili, akaniachia jiko. Alisema, "Usibadilishe kitu." Nami, kama mnavyojua, nilibadilisha.

Kando ya barabara kulikuwa na banda la kuuza nyama ya nguruwe, nami nilikuwa mteja wa Jumamosi. Nikakaa pale, nikaona karai la mwenye banda: jeusi, linang'aa, vipande vinateleza juu yake kama watoto kwenye matope. Nikamuuliza siri. Akasema ni mafuta yenyewe. Akanijazia kopo.

Ndugu zangu, siwezi kuwaeleza asubuhi iliyofuata. Nilipaka, nikachoma, nikapaka tena. Nilimimina uji, nikasubiri mvuke ukate, nikafungua, na dirisha likaanguka lenyewe kwenye sahani. Zima. Pembe zote nne. Nikapika la pili, likaanguka. La kumi, likaanguka. Nilicheza peke yangu katikati ya jiko nikiwa na koleo lile zito mikononi kama mchumba wangu. Bi. Naserian aliingia, akaona, akanishangilia kwa ile sauti ya wanawake wa kwao, na wageni wa semina wakaja mlangoni na sahani. Nilipika hadi ndengu zikaisha. Nilijiona mtu aliyevumbua moto.

Na siku ya mnada Haji akaja na wageni wawili, nikawapikia, wakala, wakasifu.

Mtaniuliza, Mzee Mutinda, hukufikiri? Naapa sikufikiri. Nitawaambia ukweli wa kipuuzi wa mpishi: mafuta ya kupaka chuma nilikuwa nayaona kama sehemu ya chombo. Chakula ni kile kilichomo ndani ya uji. Kile kinachopakwa nje ni kama kiberiti, kama makaa. Kwa akili hiyo, majuma mawili nilimlisha Haji na rafiki zake, mkono wangu ukiwa mwepesi na moyo ukiimba.

Mama Mutheu alirudi siku ya mnada, akakuta benchi limejaa. Haji alisimama kumpa hongera ya mjukuu. Mgeni wake mmoja, mtu wa kuuliza, akamwuliza mama kama kweli hosteli ya Wakristo inaweza kuwa salama kwa Mwislamu. Mama Mutheu akaweka mzigo chini.

"Baba, kwa hili jiko langu nguruwe hajapita hata kivuli. Siku utasikia amepita, uniite mwongo mbele ya watu."

Haji akamwambia mgeni, "Nilikuambia. Huyu akisema, imekwisha."

Nami nilikuwa nimesimama nyuma yao na kopo mkononi.

Hapo ndipo nilipofikiri. Yote yalinijia pamoja, kama maji ya moto kwenye mguu. Ningesema wakati ule ule, lingekuwa kosa la mjinga. Sikusema. Nililificha kopo chini ya aproni, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikalitupa ndani ya choo, nikarudi nikiwa natabasamu. Ujinga uliisha pale chooni. Kuanzia pale ulikuwa uongo, na ulikuwa wangu mwenyewe.

Nilianza kupaka mafuta ya mboga, na madirisha yakaendelea kuteleza, kwa kuwa chuma kilikwisha kunywa yale ya kwanza. Kila nilipomwona Haji akitafuna nilitamani dirisha linate. Mvua ndefu zikapita, kiangazi kikapita. Nilimpikia kila mnada, naye akaniita mpishi hodari, na Mama Mutheu akatembea na kichwa juu.

Kisha Haji akaja na furaha ya pekee: anamwoza binti yake. Wanawake wa nyumbani kwake walitaka madirisha asubuhi ya arusi. Kwa hiyo, kwa hisani ya mama, wangeazimwa kile chuma siku mbili.

"Hata wiki," alisema Mama Mutheu, akatafuta kitambaa safi. Alianza kukifunga kama mtoto wa kubatizwa. Nilimtazama akifunga fundo la kwanza. Kwenye la pili mdomo wangu ulifunguka bila ruhusa.

"Mama, usikifunge."

"Kwa nini?"

"Kina nguruwe."

Alicheka. "Nguruwe gani, Mutinda? Ameingilia wapi, kwa dirisha?"

Sikucheka, na kicheko chake kikaisha polepole. Nilimweleza yote: banda, kopo, majuma mawili, choo. Aliketi juu ya gunia.

"Na ile siku nikiapa kwa wale watu, ulikuwa wapi?"

"Nyuma yako."

"Ukishika nini?"

"Kopo."

"Nikadhani ni siagi," alisema taratibu. Kisha akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya gunia. "Simama. Tunaenda kwa Haji."

"Mama, acha niende mimi. Kosa ni langu."

"Kosa ni lako. Neno ni langu. Tembea."

Tulimkuta mnadani, katikati ya kondoo, akipapasa migongo. Mama Mutheu alipita katikati ya wanunuzi wote, akasimama mbele yake.

"Haji, nilisema uniite mwongo mbele ya watu. Nimekuja uniite. Watu ndio hawa."

Haji alimtazama, akanitazama mimi. Nilieleza. Jueni kwamba kueleza jambo kama lile huku kondoo wanalia ni kazi, maana inabidi upaze sauti. Nilipomaliza, Haji aliniuliza kwa sauti ya chini, kama anayepima umri wa mnyama kwa meno.

"Lini?"

"Wakati mama alikuwa Machakos."

"Mama alijua?"

"Hakujua. Amejua leo."

"Wewe ulijua ni haramu kwangu?"

"Mwanzo sikufikiri. Halafu nikafikiri, nikanyamaza."

Aliinua vidole vinne, akavikunja kimoja kimoja. "Mimi sikujua, sina dhambi. Wageni wangu hawakujua, hawana. Mama hakujua, hana." Kidole kilichobaki alinielekezea, akaniita kwa lugha ya kwao. "Warya. Wewe ulijua. Beba yako." Akageukia kondoo wake.

Binti aliolewa bila madirisha. Minada mitatu ikapita na benchi tupu. Kila siku ya mnada Mama Mutheu alitoa kikombe cha Haji, akakiosha, akakiweka juu ya benchi, na jioni akakirudisha. Hakunigombeza. Hakunifukuza. Aliniambia tu "lete chumvi" na "ondoa majivu", na ningalipenda anipige mwiko. Chuma nilikitundika. Hakuna aliyekula dirisha.

Mnada wa nne, nilikuwa namenya viazi nikasikia fimbo kwenye sakafu. Haji alikuwa mlangoni na kifurushi cha gazeti kinachovuja.

"Nimeuliza sheikh," alisema, bila salamu. "Chombo hakina kosa. Kinaoshwa mara saba. Mara moja ni na udongo."

Mama Mutheu tayari alikuwa anakunja mikono ya nguo. "Udongo gani?"

"Safi tu."

"Udongo ya Kitengela ni ile nyeusi. Ikishika chuma haitatoka mpaka Krismasi."

"Itatoka," alisema Haji. "Na huyu ndiye ataosha."

Niliosha. Uani, mbele ya wote, nikiwa nimepiga magoti juu ya beseni, na wanasemina wameacha semina yao. Haji alihesabu. Bi. Naserian, ambaye hawezi kuona kitu kikihesabiwa bila kusaidia, akahesabu kwa Kimaasai, "Nabo! Are! Uni!", na Mama Mutheu akimwaga maji akahesabu kwa Kikamba chini ya pumzi. Ule udongo mweusi uliingia kila kijumba, ukanipaka hadi masikioni. Tulipofika mwisho, Haji alikuwa na saba, Bi. Naserian ana sita, na Mama Mutheu ana nane.

"Ni saba!" alisema Haji.

"Ulihesabu ile ya udongo mara mbili!" Bi. Naserian akamrukia.

"Nani, mimi? Mimi nahesabu kondoo mia zikikimbia!"

"Basi kondoo hazikuwa zinakimbia Kitengela!"

Ikaamuliwa nianze upya, kwa usalama. Nilianza upya. Wanasemina wote wakahesabu kwa pamoja, na kwenye ya saba wakapiga makofi, na mimi, tope tupu, nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, na kwa sababu ya tope hakuna aliyeweza kutofautisha.

Chuma kikatoka uchi, kijivu, na kabla hakijakauka kilishaanza kushika kutu. Ndipo Haji akafungua gazeti: mkia wa kondoo, mafuta matupu, meupe kama theluji ya mlima. Mama Mutheu aliyeyusha. Nilipaka, nikachoma hadi moshi, nikapangusa, nikapaka. Mara nne. Uji uliokuwapo ulikuwa wa kunywa tu, wa wimbi, lakini Mama Mutheu alichukua ndengu zilizolowekwa kwa chakula cha mchana, akazisaga bila kusubiri zichachuke, kwa kasi ambayo sijaiona tena. Dirisha la kwanza likanata lote. La pili likagawanyika. La tatu lilitoka bila pembe. La nne, jamani, la nne lilijiachia, likaruka, likakaa katikati ya sahani likitoa moshi. Uani wakapiga kelele kana kwamba Kenya imefunga bao.

Nilichukua sahani nikampelekea Haji. Aliinua kiganja.

"Si wewe. Mama alete."

Mama Mutheu akaichukua sahani mikononi mwangu, akapiga hatua mbili zile zilizobaki, akaiweka mbele yake. Haji akasema bismillahi, akala. Mama akageuka upande wa ukuta akapangusa uso kwa aproni, akadai ni moshi.

Ikawa hivyo kwa miaka. Nilipika, mama akabeba. Wageni wapya walidhani ni utaratibu wa hosteli. Magoti ya mama yalipomchosha akarudi Machakos, na asubuhi ya kuondoka, huku akifunga kikapu, aliniambia, "Neno langu naenda nalo, Mutinda. Lako utajipikia."

Mnada wa kwanza bila yeye, nilisimama na sahani ya Haji jikoni hadi ikakaribia kupoa. Kisha nikatoka nayo mwenyewe. Alitazama nyuma yangu, hakuona mtu. Ndevu zilikuwa zimegeuka nyeupe chini ya hina.

"Mafuta?" akauliza.

"Ya kondoo, Haji."

Alinitazama machoni hadi nikahisi meno yangu yanahesabiwa. Akala. Mnada uliofuata: "Mafuta?" "Ya kondoo, Haji." Na uliofuata. Mbele ya wateja, mbele ya rafiki zake, kiangazi na mvua. Alikuwa na haki. Sikuchoka kujibu. Hadi miaka ya elfu mbili ikaingia, simu za mkononi zikaja, yeye akawa na mbili, na bado: "Mafuta?"

Halafu kukawa na siku ya mnada ambayo haikuwa na kitu chochote cha pekee. Vumbi, kelele, ng'ombe mmoja amekataa kupanda lori. Nilimwekea Haji sahani, nikasimama kando, jibu likiwa tayari mdomoni. Alikuwa anaongea na jirani yake habari za bei ya nyasi. Bila kukata maneno, alinyoosha mkono, akavunja pembe ya dirisha, akaichovya kwenye maziwa, akala. Akavunja nyingine. Nikaendelea kusimama. Mwishowe akaniona nipo, akakunja uso.

"Mpishi, mbona umesimama kama nguzo? Chai imepoa."

Nilikimbia na kikombe kile. Sijawahi kulaumiwa vizuri namna ile maishani mwangu.